Makofi, Mavazi na Lango la Ukumbi: Majibu kwa Wasomaji

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinahusu kumbi za maonyesho za hapa Nairobi: nani anakaribishwa, avae nini, apige makofi wakati gani, na kwa nini wakazi wengi wa jiji hili hupita nje ya kumbi hizo miaka nenda miaka rudi bila kuwahi kuingia. Nimechagua barua sita. Majina ya walioziandika na ya kumbi wanazozilalamikia nimeyaacha, kwa kuwa shabaha yetu ni kurekebisha desturi wala si kumwaibisha mtu.

*Mhariri, salamu. Mimi ni kijana wa Kayole na nimeupenda muziki wa okestra kwa kuusikiliza redioni. Hivi majuzi niliweka akiba, nikanunua tiketi ya tamasha katika ukumbi mmoja upande wa Westlands. Langoni, askari aliyaruhusu magari yaliyonitangulia bila swali, lakini mimi niliyetoka steji ya matatu kwa miguu aliniuliza mara mbili ninamtafuta nani. Ndani, muziki ulipotulia nilipiga makofi, na safu nzima ikageuka kunitazama. Kumbe ulikuwa haujaisha. Desturi hii ilitoka wapi, na mtu asiyeijua afanyeje?*

Ndugu yangu wa Kayole, ulipiga makofi kwa sababu ulifurahi, na hakuna mwanamuziki anayechukizwa na furaha ya msikilizaji wake. Ulichokisikia, nadhani, ni simfonia. Utungo wa aina hiyo huwa na sehemu kadhaa, mara nyingi nne, na baina ya sehemu moja na nyingine huwa na kimya kifupi. Desturi ya leo ni kwamba hadhira hunyamaza katika vimya hivyo na kupiga makofi mwishoni kabisa.

Hata hivyo, desturi hiyo si ya kale kama wanavyodhani wale waliokugeukia. Mwaka 1778 mtunzi Mozart alipigiwa simfonia yake mpya mjini Paris, na katika barua aliyomwandikia babake mwezi Julai alieleza kwa furaha kwamba watu walipiga makofi katikati ya sehemu ya kwanza, vyombo vikiwa vingali vinalia. Alieleza pia kwamba alijua mapema kuwa kifungu hicho kingewapendeza, ndiyo maana akakirudia kabla ya sehemu hiyo kuisha. Kwa hiyo mtunzi mwenyewe aliyatarajia makofi hayo na kuyapangia nafasi. Wakati ule kumbi za opera, yaani tamthilia za kuimbwa, za Ulaya zilikuwa mahali pa kuonana, kuzungumza na hata kula, na taa ziliwaka onyesho zima.

Mabadiliko yalikuja karne ya 19. Mtunzi Mendelssohn aliagiza kwamba sehemu za simfonia yake ya Uskoti, iliyopigwa mara ya kwanza mwaka 1842, zifuatane bila kusita. Wagner, mtunzi wa opera, alipofungua jumba lake mjini Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, alizima taa za upande wa hadhira ili macho yote yaelekee jukwaani. Polepole kimya kikawa ndiyo adabu. Sababu mojawapo ni njema kabisa: muziki huo hupigwa bila vipaza sauti, na sauti ya fidla moja inayofifia inaweza kupotea kwa kikohozi cha mtu mmoja. Sababu nyingine si njema. Kimya kiligeuka kuwa alama ya kumtambua aliyelelewa katika mambo hayo na kumbagua asiyelelewa hivyo, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa machoni pa wale waliokutazama.

Mimi hutenganisha desturi inayoilinda sanaa na desturi inayolilinda tabaka. Kunyamaza wakati fidla inalia kunailinda sanaa. Kumkazia macho mgeni aliyefurahi mapema hakulindi chochote. Tena sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulielewa hili kuliko wengi. Katika taarabu, beti inapomgusa msikilizaji huinuka katikati ya wimbo, akaenda mbele kwa madaha na kumtuza mwimbaji. Atakayekunja mikono akingojea tamati ndiye ataonekana kuwa hakuelewa maneno. Kila sanaa ina namna yake ya kupokelewa, na hakuna mtu anayezaliwa akizijua zote.

Ushauri wangu ni huu. Soma karatasi ya ratiba unayopewa mlangoni, kwa kuwa huorodhesha sehemu za kila utungo. Ukipotea katika hesabu, tazama mikono ya kiongozi wa okestra: akiishusha kabisa na kuigeukia hadhira, utungo umekwisha. Lakini mzigo mkubwa zaidi naubebesha ukumbi. Ni nusu dakika tu inayohitajika mtu asimame kabla ya muziki kuanza, awakaribishe wageni na kueleza kwamba utungo wa kwanza una sehemu nne. Ukumbi usiotumia nusu dakika hiyo hauna haki ya kumlaumu asiyejua.

Swali la askari linaniuma kuliko macho ya ile safu. Sote tumezoea kukaguliwa mikoba langoni, na tunajua jiji hili limepitia nini hata ukaguzi huo ukawa lazima. Ukaguzi unaomhusu kila mtu haumdhalilishi yeyote. Kumhoji aliyekuja kwa miguu na kumpungia mkono aliye ndani ya gari ni jambo jingine. Simlaumu askari peke yake, maana amefunzwa hivyo na waliomwajiri, na huenda yeye mwenyewe hurudi nyumbani kwa miguu. Waandalizi wamwelekeze aulize jambo moja tu: una tiketi? Watoto wa Korogocho waliofunzwa fidla na tarumbeta kupitia mpango wa Ghetto Classics wamepiga muziki huu mbele ya hadhira kubwa za jiji hili na kushangiliwa. Haiwezekani tumshangilie mtoto huyo akiwa jukwaani, kisha tumhoji langoni jirani yake aliyekuja kumsikiliza.

*Mhariri, nimekuwa mpenzi wa michezo ya kuigiza tangu miaka ya sabini. Siku hizi watu huingia mchezo ukiwa umeanza kitambo, hurekodi kwa simu, hula vitu vya kuchakarisha karatasi, na wengine huja wamevaa kandambili. Zamani mtu hakuthubutu kuingia bila tai. Ninyi mnaotetea kufungua milango kwa kila mtu, je, hamwoni kwamba mnaiua sanaa yenyewe? Mstaafu, Lavington.*

Mzee wangu, nakuunga mkono katika malalamiko matatu ya kwanza, tena bila kusitasita. Mwangaza wa simu katika giza la ukumbi huwavuruga walio nyuma yake wote, na humtoa mwigizaji katika hali aliyojitahidi kuijenga. Kurekodi mchezo bila ruhusa ni kuchukua kazi ya watu ambao riziki yao hutegemea tiketi ya kesho. Kuhusu kuchelewa, ningependa kumbi zetu zifunge milango mchezo ukianza na kuwaruhusu waliochelewa wakati wa mapumziko tu au baina ya maonyesho mawili, mradi sharti hilo liandikwe waziwazi kwenye tiketi, maana mvua ikinyesha Barabara ya Thika haimwahidi mtu chochote. Lakini tusimbebeshe mgeni lawama isiyo yake. Kwa niliyoyaona mwenyewe, wanaoingia kwa kuchelewa na kuwakanyaga wengine miguu si wanaoshuka matatu peke yao. Mara nyingi ni waliohifadhiwa viti vya mbele.

Kandambili, Mzee, hazina kelele mtu akishaketi. Hapo ndipo tunapoachana. Mavazi hayaingii katika masikio ya jirani wala hayamzibi macho, kwa hiyo kumtaka mtu avae tai ili atazame mchezo ni kumpima kwa kipato chake. Historia ina onyo kali. Mjini New York, jumba la opera la Astor Place lilijengwa kwa ajili ya matajiri na likawa na masharti ya mavazi, glavu zikiwamo. Tarehe 10 Mei 1849, ugomvi uliohusu waigizaji wawili, mmoja Mwingereza aliyependwa na wenye nacho na mwingine Mmarekani aliyependwa na watu wa kawaida, ulizusha ghasia nje ya jumba hilo. Wanajeshi walifyatua risasi, na watu zaidi ya 20 wakafa. Hasira ya watu wale haikutokana na uigizaji peke yake. Walikuwa wamechoka kufungiwa milango.

Hapa kwetu milango hiyo tunaijua. Ukumbi wa Kenya National Theatre ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule ambao hali ya hatari ilitangazwa, ukiwa umekusudiwa hasa burudani ya walowezi. Uhuru haukuubadilisha kwa siku moja. Mwaka 1976 Kenya ilikuwa inaandaa michezo miwili ya kupeleka katika FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Waafrika lililofanyika Lagos mwaka uliofuata: mmoja kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, na mwingine wa Francis Imbuga. Waandalizi walipata taabu kubwa kupewa hata siku chache katika ukumbi wa taifa lao, kwa kuwa ulikuwa umetengewa maonyesho ya kigeni. Mchezo wa Kimathi ulipoonyeshwa hatimaye, kama Ngũgĩ alivyoeleza baadaye, waigizaji walicheza wimbo wa mwisho wakipita katikati ya hadhira, na hadhira ikainuka na kutoka nao nje ikicheza. Kwa kipimo cha tai na kimya, huo ulikuwa utovu wa adabu. Kwa kipimo changu, ukumbi ule ulikuwa haujawahi kupata hadhira iliyosikiliza kwa makini zaidi.

Na sanaa haikufa kwa kuguswa na mikono mingi. Mwaka uliofuata, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, walijijengea ukumbi wa wazi kwa nguvu zao wenyewe. Mazoezi yalifanywa hadharani, na vibarua na wakulima wakawa wanawasahihisha waigizaji kuhusu namna kazi za shambani na kiwandani zinavyofanywa hasa. Mchezo waliouonyesha humo, Ngaahika Ndeenda, ulipigwa marufuku Novemba 1977 kwa sababu watu walikuwa wakimiminika kuutazama na kwa sababu uliwagusa wakubwa. Hakuna aliyedai kwamba ulikuwa duni. Mwaka 1982, wasanii hao hao walipokuja Nairobi na mchezo mwingine, waliikuta milango ya Kenya National Theatre imefungwa. Ilichukua hadi mwaka 2022 mchezo wao wa kwanza kuonyeshwa humo, kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ. Ukitaka kujua ni nini huiua sanaa, Mzee wangu, nakuomba uiangalie miaka hiyo 40 ya mlango uliofungwa kabla ya kuziangalia kandambili.

*Mwalimu mpendwa wa safu hii, mimi pia ni mwalimu. Niliwapeleka wanafunzi wangu wa Dagoretti kutazama tamthilia inayotahiniwa. Walimjibu mhusika mwovu kwa sauti, wakamwonya shujaa asiingie mtegoni, na mtazamaji mmoja akaniambia nirudi nikawafunze kwanza. Je, niache kuwapeleka?*

Mwalimu mwenzangu, tafadhali usiache. Mtoto anayemwonya shujaa ameuamini mchezo, na kuuamini mchezo ndiyo nusu ya kazi ya mtazamaji. Watoto wetu wamekulia katika hadithi zinazoanza kwa fanani kutamka "Paukwa!" na hadhira kujibu "Pakawa!", na katika nyimbo ambazo haziendi bila kiitikio. Wamezoea kwamba aliye mbele hulihitaji jibu lao. Walichokosa ni kujua kwamba mwandishi wa tamthilia hii hakuwaachia nafasi ya kujibu, na kwamba wakipiga kelele watakosa neno ambalo huenda likaulizwa katika mtihani.

Kabla ya safari, someni onyesho moja darasani: nusu wasome, nusu wajaribu kuwajibu kila mstari. Wataona wenyewe jinsi mazungumzo yanavyopotea. Waambie kwamba kicheko kinaruhusiwa, mguno unaruhusiwa, na kwamba mwigizaji mzuri hungoja kicheko kitulie ndipo aendelee. Kuhusu yule aliyekukemea, alipaswa kuzungumza nawe kwa upole wakati wa mapumziko. Kumkemea mwalimu mbele ya wanafunzi wake ni kosa kubwa la adabu kuliko lile la watoto.

*Mimi ni mwigizaji, naishi Buruburu. Nikisikia watu wakisema sanaa iwe bure kwa wote hunijia hasira. Kodi ya nyumba yangu si bure. Mtaufunguaje mlango bila sisi kufa njaa?*

Dada, hasira yako ni halali, na yeyote anayedai kiingilio cha bure aeleze kwanza ni nani atakayemlipa msanii. Lakini kuna njia nyingi kati ya bure na bei inayowashinda watu. London, tamasha za muziki wa okestra ziitwazo Proms zilipoanza mwaka 1895, mahali pa kusimama palilipiwa shilingi moja tu, na hadi leo watu husimama kwa bei nafuu karibu kabisa na okestra. Jumba la michezo ya kuigiza la Globe lililojengwa upya katika jiji hilo hilo na kufunguliwa mwaka 1997 liliuza nafasi za kusimama mbele ya jukwaa kwa pauni 5 kwa miaka mingi. Aliyelipa kidogo hakusukumwa nyuma ya nguzo; aliwekwa mbele, na viti vya bei kubwa vilisaidia kugharimia nafasi yake.

Hapa Nairobi ningeanza na viti ambavyo havijanunuliwa. Dakika chache kabla ya mchezo kuanza, viti vilivyo wazi viuzwe kwa wanafunzi na wakazi kwa bei ndogo, maana kiti kitupu hakimlipi mwigizaji hata senti. Saa nazo zina uzito kuliko wengi wanavyofikiri. Mchezo unaokwisha usiku humlazimu mtazamaji wa Githurai au Rongai kulipa nauli iliyopanda au kuhofia njia, kwa hiyo onyesho la Jumapili alasiri ni punguzo la bei hata kama tiketi haijashuka.

Tena tuiulize serikali swali linaloihusu. Taasisi za kigeni kama Alliance Française na Goethe-Institut zimekuwa zikiwapa wasanii wa jiji hili jukwaa, na mara nyingi hadhira imeingia huko bila kulipa, tunazishukuru. Lakini ibara ya 11 ya Katiba ya mwaka 2010 inailazimu serikali yetu wenyewe kukuza utamaduni kupitia sanaa, na ibara ya 44 inampa kila mtu haki ya kushiriki katika maisha ya kitamaduni anayoyataka. Bajeti ya kumbi za umma inapaswa kutimiza maneno hayo, nawe hupaswi kuyatimiza kwa njaa yako.

*Ninatumia kiti cha magurudumu. Mara mbili nimebebwa na vijana kupandishwa ngazi za ukumbi huku watu wakitazama, kisha nikawekwa peke yangu pembeni mwa safu, mbali na mke wangu. Waandalizi husema walinisaidia vizuri. Je, ninalalamika bure?*

Hulalamiki bure, kaka. Ibara ya 54 ya Katiba inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa njia inayofaa, pamoja na haki ya kutumia lugha ya ishara na Breli. Kubebwa mbele ya umati, hata na vijana wenye moyo mwema, si njia inayofaa. Njia ya mteremko yenye vishikio, choo kinachoingilika na nafasi mbili zilizo pamoja katikati ya safu ni vitu vya kawaida ambavyo seremala na mwashi wa mtaani huvijenga. Andika kwa ukumbi, taja ibara hiyo, na ujibiwe kwa maandishi. Wasipojibu, peleka nakala kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, nasi tutaichapisha barua yako jina la ukumbi likiwa wazi, kwa kuwa hapo hatutakuwa tena tunazungumzia desturi bali sheria.

*Mimi ni yaya. Kila mwisho wa muhula humpeleka mtoto wa mwajiri wangu kucheza dansi jukwaani. Mimi ndiye ninayemfunga nywele, ninayekaa naye akifanya mazoezi nyumbani, hata hatua zote nimezijua. Siku ya onyesho huambiwa ningoje nje pamoja na madereva. Sitaki ugomvi na mama mwenye nyumba. Nataka tu kumwona mtoto akicheza. Nitamwambiaje?*

Dada yangu, mwambie hivyo hivyo ulivyotuandikia, siku kadhaa kabla ya onyesho wala si asubuhi ya siku yenyewe: "Mama, ningependa kumwona mtoto akicheza, maana nimemsaidia kujiandaa." Waajiri wengine hawakatai; hawajawahi kulifikiria tu. Kama tatizo ni bei ya tiketi, uliza kama unaweza kutazama mazoezi ya mwisho yenye mavazi kamili, ambayo shule nyingi huyafanya siku moja kabla ya onyesho, na ambako mtoto huhitaji mtu wa kumvisha hata hivyo.

Nanyi akina mama na akina baba mnaosoma safu hii, pamoja na walimu wa dansi wanaogawa tiketi: mnaponunua viti vya familia, hesabuni pia kiti cha anayemlea mtoto. Na dereva naye, kama anapenda, aulizwe.